Kompresa Mbili za Susuni

Sajini mstaafu Heche alishuka kwenye bodaboda pale Susuni saa nne asubuhi, vumbi limemkaa mpaka kwenye kope, akasimama mbele ya mlango wa studio akisoma kibao. Kibao kilikuwa na maneno mawili. Aliyasoma mara tatu.

Kesho yake, saa tatu kamili, baraza la ardhi mjini Tarime lilikuwa limsikilize mjane Kezia kwa mara ya mwisho. Asipopeleka ushahidi mpya, anahamishwa kutoka shamba la Nyangoto, yeye na nyumba yake na kila alichopanda. Shamba lingekuwa la Emanuel, mtoto wa mke mkubwa, ambaye alikuwa ameshapima kwa hatua mahali pa kuchimba mashimo ya dhahabu.

Kilichokuwa kinamhamisha ni maneno ya marehemu mume wake. Mzee Marwa hakujua kuandika na hakuwaamini wanaojua, kwa hiyo mwaka 2009 alikuja hapa Susuni akarekodi wosia wake kwa mdomo. Akaishi miaka mingine kumi na minne, akafa mwaka juzi akiwa na miaka tisini kwa hesabu ya kanisa na mia moja na nne kwa hesabu yake mwenyewe. Kwenye CD iliyochezwa barazani mwezi wa tatu, mzee anagawa ng'ombe, anagawa mashamba, anamtaja Emanuel mara sita. Kezia hatajwi.

Kezia alisema siyo hivyo. Alisema mumewe alirudi nyumbani siku ile akamwambia: lako nimelisema, na askari Heche alikuwepo. Ndiyo maana alimwita Heche awe shahidi wake. Naye Heche akashika Biblia, akaapa, akasema alikuwepo chumbani na magwanda yake, aliyasikia maneno yote toka la kwanza mpaka la mwisho, na la Kezia halikuwemo.

Jumapili iliyopita mama huyo alimfuata nyumbani. Hakukaa kwenye kiti alichopewa.

"Wewe si mpelelezi," alisema. "Basi peleleza."

Heche aliichukua kazi kwa sababu alikuwa na jibu tayari: Emanuel amekata mkanda. Emanuel alikuwa na sababu, na alikuwa na mke mwenye studio. Lilikuwa jibu zuri. Lingewafaa watu wengi, na Heche mwenyewe akiwa wa kwanza.

"Shikamoo, afande," Tabitha alisema akitokea ndani, anajifuta mikono kwenye kitenge. Huyo ndiye mke wa Emanuel, na ndiye fundi.

"Marahaba. Mumeo yupo?"

"Ameenda Nyangoto kuangalia shamba lake."

"Bado siyo lake."

"Ndiyo maana anaenda kuliangalia. Karibu ndani, kichwa kisigonge."

Kilikuwa chumba kimoja cha matofali kilichogawanywa na kioo. Kuta zilipigiliwa magunia na trei za mayai, na juu ya meza palikuwa na nyaya nyingi kama utumbo wa mbuzi. Kwaya zilikuja hapa kutoka Sirari mpaka Issenye, na wapiga litungu, zeze la nyuzi nane la huku, waliotaka kusikika redioni.

Heche alitoa daftari. "Wosia wa mzee. CD ilitoka wapi?"

"Niliitoa mimi kwenye kaseti, mwezi wa pili. Kaseti hii hapa." Aliitoa kwenye sanduku la bati, imefungwa kwenye mfuko wa nailoni, juu yake tarehe.

Heche aliipeleka dirishani. Aliuvuta utepe kwa penseli, mkono kwa mkono, akiutazama dhidi ya jua. Ilimchukua nusu saa. Hakuona gundi, hakuona mahali palipoungwa.

"Ungeweza kukatia kwenye kompyuta," alisema.

"Ningeweza. Ndiyo usikilize kaseti uilinganishe na CD."

Alisikiliza kwa hedifoni, saa ya mkononi mbele yake. Maneno yalikuwa yale yale. Kabla ya katikati palikuwa na kishindo kikubwa, halafu sekunde tisa za ukimya, halafu mzee akaendelea na habari za ng'ombe. Kishindo kilikuwepo kwenye CD. Ukimya ulikuwepo kwenye CD. Sekunde tisa hapa, sekunde tisa pale.

Aliirudisha nyuma mara nne. Mara ya nne aliacha kumsikiliza mzee, akasikiliza mashine ya kusaga. Ilikuwa mbali, labda kwenye njia panda, inanguruma nyuma ya kila neno. Ukikata mkanda, mashine ya kusaga lazima iruke. Hii haikuruka. Baada ya kishindo ilizama, ikapotea kabisa, halafu ikaanza kupanda pole pole kama mtu anayetoka kisimani kwa kamba.

"Kitu gani kinaweza kuzamisha mashine ya kusaga?" aliuliza.

"Hicho hapo," Tabitha alisema, akaonyesha chini ya meza. "Kompresa."

Heche alijua kompresa moja, ile ya kujaza upepo matairi pale stendi. Alitazama chini ya meza akitafuta mpira wake.

"Hii inabana sauti, afande. Mtu akipaza, inamshusha. Akitulia, inamwachia. Wahubiri wananisumbua sana. Wanaanza kwa kunong'ona, wanamaliza kama wamekanyaga kaa la moto. Mashine inafanya kazi ambayo ningeifanya kwa mkono."

Alizo nazo ni mbili. Ile ya chini ya meza ilikuwa ya zamani, ya chuma, ubapa wa mbele una vitufe viwili vya kuzungusha na sindano moja. Alipoiwasha, taa zake za kioo zilianza kuiva ndani kama mkaa. Ilitoka kwenye redio moja ya kanisa iliyofungwa ng'ambo ya mpaka, na inasemekana safari ya kuileta ilivunja ekseli mbili na ndoa moja. Ya pili ilikaa juu ya meza, nyembamba kama Biblia ya mfukoni, ina vitufe sita na vitaa vya kijani. Hiyo Tabitha aliinunua miaka minne iliyopita.

"Ipi nzuri?"

"Kwa kazi gani? Ya zamani ina tabia ya mzee. Kushika inachelewa kidogo, kuachia inachelewa sana. Huwezi kuiambia harakisha, haina kitufe hicho. Lakini huo ndio utamu wake. Sauti inakuwa nene, makali yanaondoka, litungu linatoka kama limepakwa samli. Waimbaji wanaililia."

"Na hii?"

"Hii unaipa muda wa kushika na muda wa kuachia, inatii. Kishindo kikipita tu, imeshaachia. Kitu kidogo kilichojificha inakiinua. Waimbaji hawaipendi. Inaonyesha mtu anavyomeza mate."

Heche aliandika yote. "Mwaka 2009 ulitumia ya zamani."

"Ndiyo niliyokuwa nayo."

"Ulikuwa unaitazama sindano wakati mzee anaongea?"

Tabitha alimtazama kama mtu aliyeulizwa kama huwa anakula udongo. "Afande, yule ni baba mkwe wangu. Nikae hapa namtazama usoni kwenye kioo, nimevaa hedifoni, namsikiliza akisema mambo ya wake zake? Nilitundika kitenge kwenye kioo. Nikaiseti mashine, nikasema itamshika yenyewe, nikawasha rekoda, nikaenda kwa jirani kupukuchua mahindi."

"Na baadaye, hukusikiliza?"

"Mpaka leo. Hata CD niliitoa nimezima spika, naangalia sindano tu."

Heche hakubisha. Yeye mwenyewe mama mkwe wake akitokea barabarani huwa anaingia kwenye mahindi, na mwaka mmoja wa kiangazi mahindi hayakuwepo, akaingia kwenye mtaro na sare yake. Aliandika: *Fundi hakuwa kwenye chombo. Soni ya mkwe.* Akapiga mstari chini yake.

"Kwa hiyo humu ndani walibaki nani?"

"Mashine," Tabitha alisema. "Yule mzee. Na wewe."

Heche alivuta kofia mbele kidogo.

"Kuna kishindo," alisema haraka. "Kama gogo limeanguka kwenye sakafu."

"Basi sindano ililala mpaka chini. Na ile ikilala, kuamka kwake ni mpaka itake. Kama yule mzee alisema kitu kwa sauti ndogo muda huo, mashine ilikuwa bado imebana. Imemeza."

"Kuna namna ya kuitapisha?"

"Ya kwenye CD, hapana. Yamekwenda." Alikuna kichwa kwa kalamu. "Lakini rekoda yangu ina njia nne. Ya kwanza ilipita kwenye kompresa. Ya pili niliipeleka moja kwa moja, kavu, kama akiba, maana hiyo mashine siku nyingine ilikuwa inazimika. Ya akiba ni hafifu sana, haikupelekwa popote."

"Miezi yote hii hukusema?"

"Nani aliniuliza? Wewe uliapa kwamba uliyasikia yote."

Alichomeka nyaya, akamwonyesha swichi: kushoto inapita kwenye mashine ya zamani, kulia kwenye mpya. Kwa kuwa maneno yalikuwa ya mkwe, asingeweza kubaki. Alitoka, akafunga mlango, akaketi kwenye ngazi amelipa dirisha mgongo.

"Nipigie kelele ukikwama," alisema kwa nje.

Jaribio la kwanza Heche aliweka swichi kushoto. Njia kavu, mashine ya zamani. Mzee aliongea, kishindo kikalia, na sindano ikaanguka mbele ya macho yake kama ng'ombe aliyepigwa shoka. Heche alihesabu. Ukimya. Mashine ya kusaga ikazama, ikapanda. Sekunde tisa.

Aliandika: *Imemeza tena, mimi nikiona. Hakuna mkasi.* Halafu akakaa ameshika kalamu. Emanuel hakukata kitu. Lile jibu zuri lilikuwa limeondoka, na kilichobaki ni swali la kishindo.

Jaribio la pili. Swichi kulia.

"Kitufe cha tatu," Tabitha aliita kutoka nje bila kugeuka, "zungusha kushoto mpaka kigome. Hicho ndicho cha kuachia. Cha mwisho ongeza mpaka usikie mashine ya kusaga imekuja karibu."

Heche alizungusha kwa vidole vyake vya kushikia pingu. Spika zikajaa. Mashine ya kusaga ilisogea kama iko uani. Kuku alilia. Mzee Marwa alivuta pumzi, akakuna ndevu, na kila unywele ulisikika.

Na palikuwa na sauti nyingine. Ilikuwa inapanda kwa mluzi, inakaa, inashuka kwa mngurumo. Heche alidhani ni mota ya mashine ya kusaga ina kasoro. Alipunguza kitufe, akaongeza. Mota gani inapumzika hivyo, halafu inameza mate?

Nje pikipiki ilisimama. Sauti ya Emanuel ikauliza, "Nani anakoroma humo ndani?"

"Sijui," Tabitha alijibu. "Mimi niko nje."

Heche alinyoosha mkono kwenye kitufe cha kusimamisha, na mkono haukufika. Kishindo kilikuja. Kwenye mashine ya zamani kilikuwa kishindo tu. Kwenye hii mpya kilikuwa na sehemu tatu: mti mgumu ukigonga saruji, mti ukiruka, mti ukibingirika mpaka ukutani. Alikuwa ameubeba mti huo kiunoni miaka ishirini na saba. Rungu lake la mninga, linaanguka kutoka mapajani.

Vitaa vya kijani vilicheza mara moja, vikatulia. Mashine ilikuwa imeshaachia. Mkoromo uliendelea bila kukosa hatua, na juu yake ikaja sauti ya mzee, ndogo, karibu na maiki.

"Askari amelala. Alale, amekesha doria. Nitasema pole pole nisimwamshe. Shamba la Nyangoto, lile la mtoni, ni la Kezia. Asilikanyage mtu. Emanuel, wewe nimekupa Susuni, inakutosha. Nimesema mbele ya askari."

Halafu akapaza tena, akaendelea na ng'ombe.

Heche alisimamisha kaseti. Alipogeuka, Emanuel alikuwa mlangoni. Nyuma yake walisimama wapita njia watatu, mmoja mama mwenye beseni la nyanya kichwani, anacheka mpaka nyanya zinatikisika.

"Mama, nenda na nyanya zako," Emanuel alisema. Aliingia, akafunga mlango. Alikaa muda anatazama spika, kama vile baba yake angeweza kutokea pale.

"Umesikia," Heche alisema.

"Nimesikia mambo mawili, afande. Moja linaniuma mimi, la pili linakuuma wewe." Emanuel aliongea kwa upole, na huo upole ndio uliokuwa mbaya. "Mwezi wa tatu uliapa uliyasikia yote. Mimi sikukupinga, na sitakupinga. Hiyo kaseti irudi kwenye sanduku. Wewe hukulala, mimi nina shamba."

Heche alifungua mlango. "Tabitha. Ule mkoromo unaweza kutolewa?"

"Unaweza. Dakika tano."

"Maneno yabaki?"

"Yabaki. Ila mkanda utakuwa umekatwa. Wakimleta fundi mwingine, atasikia mashine ya kusaga imeruka, atasema mkanda huu umechezewa. Na maneno nayo yataondoka humo humo."

Hilo Heche hakuhitaji kuelezwa. Asubuhi ile ile alikuwa amewinda mruko wa namna hiyo kwa nusu saa, akitamani sana kuupata.

"Na wewe unampa vyombo," Emanuel alimwambia mkewe.

"Nampa kila mteja. Mimi sijasikia kitu, mume wangu. Nilikuwa nje nimegeuza mgongo, muulize mama wa nyanya."

Heche aliitia kaseti kwenye mfuko wa shati, akafunga kifungo. "Kesho saa tatu," alisema. "Na mashine zote mbili nitazihitaji, waone tofauti."

"Ile ya zamani inabebwa na watu wawili," Tabitha alisema.

Heche alimtazama Emanuel. Emanuel alitazama dari. Tabitha akakikaza kitenge kiunoni, akashika upande mmoja.

*

Chumba cha baraza kilikuwa kimejaa. Kesi za Nyangoto huwa zina watazamaji, na mama wa nyanya alikuwa ameshalipeleka neno mpaka sokoni Tarime. Mwenyekiti, mama Felista, alitaka aelezwe mashine kwanza. Tabitha alieleza kwa maneno machache, akachomeka nyaya, akaomba ruhusa, akatoka nje na kugeuza mgongo.

Walicheza kwa ile ya zamani. Sekunde tisa za ukimya. Walicheza kwa ile mpya.

Mkoromo ulipoanza, mtu mmoja nyuma alidhani ni mwenzake, akampiga kiwiko. Halafu chumba chote kikaelewa kwamba unatoka kwenye spika, na kicheko kikaenda kutoka benchi hadi benchi. Kilikatika mzee aliposema jina la Kezia. Kezia mwenyewe alikuwa amekaa mbele, mikono juu ya mapaja. Hakuwa amecheka na hakuwa amegeuka.

"Nyamazeni," mama Felista alisema. "Nina tatizo. Marehemu anasema askari yupo na amelala. Shahidi wetu aliapa kwamba alikuwepo na alisikia yote. Haviwezi kuwa kweli vyote viwili. Nisipojua anayekoroma ni nani, mkanda huu siupokei, na ile hukumu ya mwezi wa tatu inabaki."

Emanuel alikuwa anatazama viatu vyake. Hakusema kitu. Alikuwa ametimiza ahadi yake.

Heche alisimama. Alivua kofia, akakosa pa kuiweka, akaishika kwa mikono miwili.

"Ni mimi," alisema.

"Sema usikike."

"Anayekoroma ni mimi. Kishindo ni rungu langu. Sikuyasikia maneno ya mama huyu kwa sababu nilikuwa nimelala. Nilijua kwamba nililala. Mwezi wa tatu nilikuwa najua."

"Kwa nini hukusema?"

"Niliulizwa mbele ya watu."

Mwenyekiti alimgeukia karani.

Karani, kijana mpole aitwaye Amos, alinyanyua kalamu. "Mheshimiwa, samahani, nilikuwa nacheka. Sikuandika."

"Shahidi, rudia. Pole pole, aandike."

Heche alirudia. Neno, kalamu ikikwaruza. Neno, kalamu ikikwaruza. Ilichukua muda kuliko wosia wenyewe. Amos alipomaliza alimsomea kwa sauti, kama utaratibu unavyotaka, na Heche akatia sahihi chini ya kila ukurasa. Zilikuwa kurasa mbili.

"Mkanda umepokelewa," mama Felista alisema. "Amri ya kumhamisha Kezia imesimamishwa. Bwana Emanuel, usikanyage pale mpaka uamuzi uandikwe. Na wewe, sajini, habari ya kiapo chako cha mwezi wa tatu, utabaki."

Watu walitoka kwa kelele. Kezia alijifunga mtandio, akapita karibu na benchi la Heche. Heche alisimama tena. Alikuwa ameyapanga maneno toka alfajiri, kwa mpangilio.

"Shemeji," alianza.

"Siku nyingine, afande," Kezia alisema. "Nimeacha ndege kwenye mtama."

Akatoka kuwahi gari.